Utamu Nyuma ya Sikio

Mfereji wa Ntenga uliziba tena asubuhi ya Jumanne, na kama ilivyokuwa ada siku hizo, watoto wa shule walifika kuuzibua kabla wakubwa hawajajua kuwa umeziba.

Nanzia aliwakuta wamepiga magoti kwenye tope, wanaimba na kucheka, sare zimelowa hadi kifuani. Yeye alikuwa na Kajiru mgongoni, kitinda mimba wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anajaribu kusimama dede. Katikati ya watoto wale alikuwamo binti yake mkubwa, Nakiete, wa darasa la saba, mikono yote miwili imezama majini.

"Shikamoo, mama! Tumeshauzibua!"

"Marahaba. Safari hii ulizibwa na nini?"

"Takataka tu."

Uso wa Nakiete uling'aa kama wa mtu aliyelamba asali akaachiwa na chungu chenyewe. Wenzake nao vivyo hivyo. Nyuma ya sikio la kila mmoja kilionekana kidude kidogo cheusi, mfano wa mbegu ya nyonyo, kimekaa pale kama kupe aliyeshiba. Ndicho kihimizi.

Maji yalirudi kushuka kuelekea mashamba ya tangawizi. La kwanza kuyapokea lilikuwa shamba la Bibi Namcharo, ajuza aliyekuwa ameegemea jembe lake ukingoni akitazama.

"Kizazi hiki kimebarikiwa, Mama Nakiete," alisema. "Sisi tulikuwa hatwendi kazi ya kijiji, msaragambo, mpaka pembe ipigwe na fimbo ifuate. Hawa wanakwenda wenyewe, tena mbio, utadhani wameitiwa pilau."

"Lakini bibi, mbona mfereji unaziba kila mara? Zamani ulikuwa unaziba masika tu."

"Labda nao umezeeka kama mimi. Una choo kigumu."

Walicheka. Juu yao ukapita ungo mmoja ukinguruma, umebeba magunia ya tangawizi kuyapeleka bondeni Same. Ungo ndilo jina walilokipa kile chombo cha mviringo kinachoruka bila rubani, na utani wa Ntenga ulikuwa kwamba wachawi wamestaafu, sasa tangawizi ndiyo inayopanda ungo.

Watoto walipokwisha kukimbilia shule, Nanzia alibaki. Alikuwa mwanamke wa kuishia darasa la saba, lakini hakuwa mwanamke wa kupita jambo bila kulichungulia. Akaokota kijiti, akaipekua ile takataka iliyotupwa kando: matope, mawe, nyasi. Na ngata.

Ngata ya majani makavu ya mgomba, ile ya kutuliza mzigo kichwani. Aliiinua akaigeuza. Ilikuwa imesokotwa kuelekea kushoto, ncha yake imechomekwa chini, haionekani. Ntenga nzima husokota ngata kwenda kulia. Nanzia ni mashoto; yeye peke yake husokota hivi, na katika maisha yake amemfundisha mtu mmoja tu.

Aliikamua maji, akaitia ndani ya kanga.

* * *

Nawe mzazi usije ukamwona Nanzia mtu wa kutafuta ubaya penye wema. Yeye alikuwa wa kwanza kukipigia kihimizi makofi.

Kilipoletwa shuleni mwaka jana, Ntenga ilikuwa imechoka na watoto wake. Wavulana wakubwa walikuwa wanalewa pombe ya dengelua mchana kweupe. Madawati yalikuwa yanageuzwa kuni. Naye Nakiete, baba yake alipofariki, alilala kitandani akageuza uso ukutani, na mvua za masika zikaanza zikaisha hajageuka. Nanzia alimbembeleza, akamgombeza, akamwombea, akaita wachungaji. Kila asubuhi alikuwa anamwita kutoka jikoni, "Nakiete, amka mwanangu, kumekucha!" huku anachochea moto, maana tangawizi haimngoji mfiwa. Ukuta ndio uliomjibu.

Mwalimu Mrutu ndiye aliyeketi nao wazazi akawaeleza. Kihimizi, alisema, kina kijicho kidogo kuliko punje ya ulezi. Kinatazama mahali mtoto alipo: kabla palikuwaje, baadaye pamekuwaje. Mtoto akileta mabadiliko mema, katika maisha yake au katika jamii yake, kinaugusa mshipa nyuma ya sikio, naye anapata tone la furaha. Si dawa wala sindano. "Ni himizo tu," alisema. "Ni kama mama akisema hongera mwanangu, ila hachoki wala hasahau."

Wiki haikwisha, Nakiete akainuka. Akaoga, akaenda shule, akapanda miti mlimani, akamfundisha jirani kusoma. Nanzia alilia siku ile kwa furaha hadi akaunguza maharage.

Sasa shule ilitaka kuwapa na wadogo wa chekechea. Jumamosi, baada ya msaragambo, wazazi wangeinua mikono.

Jumanne hiyo jioni, jua bado halijagusa mlima, Nakiete aliingia bafuni kuoga. Kihimizi hakipendi sabuni, kwa hiyo alikivua akakiweka juu ya kisahani cha kikombe, kama kawaida yake. Nanzia alikitazama. Akatazama mlango wa bafu. Maji yalikuwa yanamwagika, binti anaimba.

"Hebu tuone," alijisemea, akakibandika.

Kilikuwa cha uvuguvugu. Hakikufanya kitu. Akachukua ufagio, akafagia pembe ya ua iliyokuwa na maganda ya ndizi.

Yesu na Maria! Ukamjia utamu, si wa mdomoni. Ni kama pale mgongoni mkono wako usipofikia, halafu mtu akakukuna. Akacheka peke yake. Akafagia tena palepale, utamu asiupate. Pamekwisha kuwa safi.

Akaikunja kanga iliyokunjuka. Tone. Akaitazama ilivyokunjika vizuri. Kimya. Kajiru, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, akamnyoshea mikono huku anacheka. Nanzia akambeba, akambusu shingoni pale anaponukia maziwa, akangoja. Kimya. Mtoto alikuwa na furaha kabla, ana furaha baadaye. Kijicho hakikuona tofauti. Akamrudisha mkekani, akaona ajabu: kwa mara ya kwanza tangu amzae, kumbeba mwanawe kulikuwa kumempwaya.

Alitafuta kingine cha kutengeneza. Ua safi. Vyombo safi. Nakiete alikuwa amekwisha kutengeneza kila kitu. Ndipo macho ya Nanzia yakashuka, akauona mkono wake mwenyewe: umeshika ungo wa maharage yaliyokwisha kuchaguliwa, umeuinamisha kidogo, punje za kwanza zinaanza kuteleza kuelekea mchangani.

Aliurudisha sawa. Akageuka nyuma upesi kama mwizi aliyeitwa jina.

Na wakati uleule Kajiru, aliyekuwa amesimama dede kwa kushika ndoo, akaanguka, pu! Akalia kilio cha kukauka pumzi. Nanzia aliruka akamwinua, akamtikisa, akampuliza, na mtoto alipoanza kutulia, ule utamu ulishuka nyuma ya sikio, ukaenea shingoni, mabegani, hadi vidole vya miguu. Hakuwa ameonja kitu kama hicho. Ufagio haukuwa kitu. Kanga haikuwa kitu.

Alikaa chini na mtoto mapajani. Polepole akamvua kijikaptula.

Juu ya paja, upande wa ndani, palikuwa na yale madoa mekundu aliyokuwa anayapaka mafuta ya mnyonyo wiki zote hizi. Yeye alisema ni siafu. Bibi Namcharo alisema ni joto. Nanzia akaweka kidole gumba na cha shahada juu ya doa moja, bila kubana. Vilienea sawasawa.

Bafuni maji yakakoma. Alikivua kile kidude haraka, akakirudisha kwenye kisahani.

* * *

"Panya," alisema Mwalimu Mrutu kesho yake. "Mimi nilidhani ni panya."

Walikuwa wameketi kwenye ngazi ya darasa, wanafunzi wakiwa mapumziko, na Nanzia alikuwa amekwisha kumsimulia yote, hata la paja la Kajiru. Hakukuwa na karatasi hata moja iliyopeperuka uwanjani. Watoto walikuwa wanasimama huku na huku, macho chini, kama kuku wanaotafuta punje. Mwalimu alikuwa kijana bado, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani akifikiri. Aliivua.

"Kila asubuhi nakuta ubao umechafuliwa, au chaki zimemwagwa. Na kila asubuhi kuna mtoto aliyewahi kufika, amekwisha kusafisha. Nikawa nawasifu mbele ya mstari. Panya wanamwaga, watoto wanazoa."

"Panya hawasokoti ngata, mwalimu." Nanzia aliiweka ile ngata kati yao. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu wetu tunamsifu kwa kuyatoa maji. Basi anayatia kwanza."

Mwalimu aliicheka ile kauli, halafu uso ukamshuka. "Tulikiagiza mabadiliko," alisema taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Mabadiliko mema. Kikatii neno letu. Hakijui kutunza. Kitu kikiwa chema na kikabaki chema, kwake ni kama hakipo."

"Na mtu akikaa msibani? Ukaenda kwa mfiwa, ukaketi naye mkekani?"

"Mfiwa anakuwa amebadilika?"

"Habadiliki. Analia ulipoingia, analia unapotoka. Lakini umekaa naye."

"Basi hakioni kitu." Aliifuta miwani kwa shati. "Mama Nakiete, nami nina hofu nyingine. Nikisema leo vivuliwe vyote, unakumbuka walikuwaje? Unamkumbuka wako?"

Nanzia alikumbuka. Hilo ndilo lililokuwa limemkosesha hamu ya kula tangu jana. Akikiacha, binti yake atakuwa anamfinya nduguye ili apate kumbembeleza, na atakapokua, atamfinya nani? Akikivua, ukuta uko palepale, unamngoja.

"Wewe ungefanyaje?" aliuliza.

"Sijui," alisema mwalimu, akavaa miwani. "Ningependa kujua. Jumamosi nitasema nimeona nini shuleni. La nyumbani kwako sitalisema mimi. Hilo ni lako."

* * *

Nanzia alimkabili binti yake jikoni, wakimenya ndizi. Hakuwa na hotuba. Aliiweka ngata juu ya kinu, akamwinua Kajiru, akamgeuza paja.

Kisu cha Nakiete kilisimama katikati ya ganda.

"Ni kidogo tu, mama," alisema. "Namfinya kidogo, halafu nambembeleza sana. Nambembeleza kuliko zamani. Hata usingizi wake umekuwa mzuri."

"Na mfereji?"

"Hatukai tukakubaliana. Kila mtu anajua zamu yake bila kusema. Tunauziba alfajiri, tunauzibua asubuhi. Hakuna anayeumia."

"Tangawizi ya Bibi Namcharo imeanza kuwa njano, Nakiete. Maji yanamfikia jua likiwa limekwisha kuwa kali."

"Tunamsaidia kung'oa iliyokauka!" alisema Nakiete upesi, akajisikia mwenyewe, akafumba mdomo.

Ndizi zilikuwa zinageuka nyeusi sinia zima. Mtoto alilia, akanyonya, akatulia.

"Usinivue, mama." Sauti ilikuwa imeshuka. "Wewe hujui kule. Wewe ulikuwa unapiga kelele kutoka jikoni, amka, amka. Mimi nilikuwa nakusikia. Nilikuwa nataka. Mkono hauinuki, unaelewa? Unauambia inuka, hauinuki. Hiki ndicho kilichouinua. Ukinivua nitarudi ukutani, na wewe utarudi jikoni kupiga kelele."

Nanzia alilisukuma sinia kando, akamsogelea.

"Jumamosi wanataka kuwapa chekechea," alisema. "Kajiru wako naye atafikia chekechea. Nami sitakuvua. Ningekuvua usiku umelala, kesho ungekitafuta kwa rungu. Nimekuuliza tu: akikua akawa nacho, yeye atamfinya nani?"

Nakiete aliendelea kumenya, lakini vipande vilitoka vinene, na hakurudi kuvisawazisha.

* * *

Jumamosi pembe ililia, Ntenga wakapanda hadi kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo walilojengewa na mababu, linalokusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi. Kwa kuzibwazibwa kwa mfereji, maji yalikuwa yamerudi nyuma yakaanza kula ukingo. Wakubwa walibeba mawe, watoto waliwapita wakikimbia, nyuso zinang'aa. Kazi ilipokwisha, mwenyekiti Mbwambo alipanda juu ya jiwe, jasho linamtiririka.

"Ndugu zangu, sina maneno mengi. Macho yenu yameona watoto hawa. Mwenye kupinga wadogo kupewa kihimizi, huyo alete watoto wake wenyewe wabebe mawe kwa kiboko, kama sisi!"

Watu walicheka. Mwalimu Mrutu alisimama akasema habari za ubao na chaki. Wengine waliguna, mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, hao ni panya! Nunua paka!" Kicheko kikazidi. Mikono ilikuwa imeanza kupanda.

Nanzia alisimama. Kulisema la mfereji ni kumtia mwanawe aibu mbele ya kijiji; kulinyamazia ni kuwatoa kafara Kajiru na wadogo wote. "Mimi nina neno," alisema, "na ni neno la nyumbani kwangu..."

"Mama, ngoja."

Nakiete alikuwa amekwisha kupenya mbele. Alipeleka mkono nyuma ya sikio, akakibandua kile kidude. Pale kilipokuwa, ngozi ilikuwa nyeupe kama ya chini ya bandeji. Akakitia katika kiganja cha mama yake.

"Shika," alisema. "Nikiwa nacho nitasema kwa sababu ya utamu."

Akawageukia watu.

"Mfereji tunauziba sisi. Mimi naziba kwa ngata. Na bibi," alimtafuta Bibi Namcharo kwa macho, "tangawizi yako nimeiua mimi. Na mdogo wangu..." Hapo sauti ilikatika, akajaribu tena. "Mdogo wangu namfinya, ili alie."

Maji yalisikika yakipekua mawe. Nakiete alibaki amesimama, mabega yamepanda, anangoja. Nanzia alijua anangoja nini. Mwili ulikuwa umezoea: ukitenda jema, tone. Halikuja. Kilichokuja ni macho ya watu.

"Kumbe ndiwe mchawi wangu!" alipaza Bibi Namcharo. "Nami nimekula dawa ya tumbo kwa niaba ya mfereji!"

Hakuna aliyecheka kwa sauti, lakini pumzi zilirudi. Ajuza akapapasa nyasi kando yake. "Njoo hapa. Kaa."

"Nikuletee maji, bibi? Nikakupandie mbegu nyingine?"

"Nimesema kaa."

Akakaa. Hakujua mikono aiweke wapi. Bibi Namcharo hakumtazama wala hakumshika. Alitafuna tangawizi yake na kutazama mlima. Mwenyekiti aliitazama mikono iliyokuwa imepanda. Mmoja mmoja ilishuka, bila mtu kuiambia. Na miongoni mwa watoto, Nanzia aliona vidole vikipanda taratibu kuelekea nyuma ya masikio, vingine vikagusa na kurudi, vingine vikabaki pale, havijakata shauri.

* * *

Jumatatu asubuhi kitanda cha Nakiete kilikuwa na mtu, na uso ulikuwa ukutani.

Nanzia alisimama mlangoni. Kihimizi kilikuwa kwenye kisahani chake, hakuna aliyekificha. Jikoni moto ulikuwa unataka kuni. Maneno yalimfika ulimini, amka mwanangu, kumekucha, akayameza.

Aliingia akaketi ukingoni mwa kitanda, Kajiru mapajani. Moto ukazimika. Ungo wa kwanza wa tangawizi ukapita juu ya bati, ukaenda zake bila magunia ya Nanzia. Alikaa. Mgongo ulimuuma, alikaa. Kajiru alitambaa akampanda dada yake ubavuni, akapitiwa na usingizi pale, domo wazi.

Muda ulipita mrefu.

"Mama," ukuta ukasema.

"Naam."

"Mfereji unatiririka?"

Nanzia alitega sikio. "Unatiririka."

"Hakuna aliyeuziba?"

"Leo hakuna."

Halafu mkono wa Nakiete, polepole, kama mtu anayeuinua kutoka kisimani, ukapita juu ya kichwa cha mdogo wake, ukamsogeza asianguke, ukatua mgongoni mwake.

"Nataka kwenda kuuona," alisema.

"Kwenda kufanya nini huko? Hauna tatizo."

"Si kufanya kitu. Kuuona tu."

Nanzia aliinuka akamtafutia kandambili zake.